Mingazi ni Yetu, Kivuli ni cha Watu

Salamabila, Jumapili

Kwa kaka yangu, Yaya Ramazani,

Pokea salamu za mdogo wako Mwamini, ambaye hajaisahau njia ya nyumbani ijapokuwa matope yameifunga. Magoti ya Mama yanasemaje na mvua hizi? Wifi amekwisha kuvuna mpunga? Sisi tu wazima. Mume wangu angali anashuka shimoni, mimi nawauzia wachimbaji wali na maharage, na binti yetu Zaina sasa ananifikia begani.

Barua yako ililetwa na mwenye pikipiki, pembe zimelowa. Nimeisoma mara tatu. Unasema kuna mfanyabiashara anautaka uwanja wetu wa mpira ajenge ghala, na akina mama wa mtaa wamekwenda ofisini kulalamika, ila wewe huna wasiwasi. Mingazi yote inayouzunguka, michikichi yetu ya mawese, aliipanda marehemu Baba, na kwa desturi yetu aliyepanda mngazi ndiye mwenye ardhi. Unangoja neno langu tu ukubali. Ngoja kwanza nikusimulie ya huku.

Huku nasi tulikuwa na uwanja, kando ya barabara ya machimbo. Vijana walicheza mpira, na kila Jumapili sisi wanawake tulicheza nzango, mchezo wetu wa kurukiana ana kwa ana. Ndiyo, na unene wangu huu, naruka na kurusha mguu, wala usicheke. Wakati mwingine nilifumba macho nikajidanganya kwamba niko Kasongo, anayeruka mbele yangu ni wifi, na Mama yuko pembeni anapiga makofi. Siku moja niliyafumbua nikaona nyuso za wageni watupu, nikalia mbele ya watu bila aibu.

Jua lilituchoma sana pale, tukataka kivuli. Lakini wengi wetu tumetoka mbali, na unajua mwenyewe kwamba mgeni hapandi mngazi kwenye ardhi ya watu. Basi tukamwomba mzee mmoja mwenyeji atupandie. Sisi tulichota maji, tukashika miche, tukapiga vigelegele. Tulijiona wenye adabu kweli! Mzee alifariki mwaka huu, na matanga hayajapoa wanawe wakaja na kamba kupima viwanja vya nyumba. Majuto ni mjukuu, Yaya.

Tulikwenda ofisini, wanawake wengi na vijana wachache. Mdomo wangu unaujua, haubishi hodi.

"Mukubwa," nikamwambia mkuu wa ofisi, "watoto watacheza wapi? Mu mashimo?"

Alitusikiliza vizuri, akaandika. Kisha akauliza, "Ile mingazi, ni nani aliipanda?"

"Ni muzee. Lakini ni sisi tulimuomba, na maji ilikuwa yetu."

Mtoto mkubwa wa marehemu akanigeukia. "Mama, wewe kwenu ni wapi? Uko na mungazi hata moja hapa?"

"Sina. Kwetu ni Kasongo, pembeni ya uwanja wa mingazi."

"Basi, uende ucheze kule."

Watu walicheka, hata wa upande wetu. Ofisi ikasema desturi ni desturi, tukaelewane na familia. Familia imetuachia kipande cha kutandika mikeka miwili. Zaina siku hizi anashinda mlangoni akinisaidia kuchambua maharage, na mimi sijaruka tena.

Sasa tazama, Yaya. Kesho mama mmoja wa mtaa wetu atasimama mbele yako kama nilivyosimama mimi, nawe utamwuliza ana mngazi gani pale. Utashinda, sikatai. Nilisoma barua yako nikaona haya, kwa sababu ulikuwa unasema maneno ya yule kijana.

Unakumbuka mpira wetu ulipokwama kwenye makuti? Baba alipanda mwenyewe kuutoa, huku ananung'unika kwamba tutamvunja kiuno. Mtu akichuma ngazi, yale matunda ya mawese, bila ruhusa aligombana naye. Ila hakumfukuza mtu chini ya ile miti. Alisema, "Ngazi ni yangu. Kivuli ni ya watu."

Kwa hiyo neno langu ni hapana. Nenda ofisini ukaseme matunda ni yetu, Mama aendelee kukamua mawese yake, na ardhi ibaki ya kuchezea. Waandike, wapige muhuri, jina lako na langu. Najua ulitaka kumwezekea Mama nyumba ya bati, na najua utakasirika. Kasirika, nimezoea. Bati tutalitafuta sote wawili, mimi nitauza wali mpaka mwiko uishe.

Msalimie Mama, mwambie usiku namwita kama mtoto. Msalimie wifi, mwenzangu wa nzango, asiache kuruka. Msalimie shangazi yetu wa sokoni, na mwalimu aliyekuwa akitupulizia filimbi.

Miaka sita sijakanyaga kwetu. Nikija, nitamwambia mwenye pikipiki anishushe uwanjani, nifike nyumbani kwa miguu, nikipita kivulini. Mbele ya watu wote niliulizwa kwetu ni wapi, nikajibu. Usinifanye mwongo, Yaya.

Ni mimi, mdogo wako asiye na mngazi,
Mwamini