Rafu Imelala, Nimeisingizia Nyumba ya Mkwe

Mshauri mpendwa, naomba msaada kabla sijaharibu zaidi, mimi ni karani na mke wangu ni fundi cherehani anayeshonea sebuleni, mwezi uliopita akaniomba nimtundikie rafu ya mita tatu ya kuwekea roli za uzi, nikaona fundi wa nini, nikaazima keekee, nikanunua futi ya mkanda ya bei chee, nikapima kutoka sakafuni mita moja na nusu upande huu na mita moja na nusu upande ule, nikatoboa, nikakaza skrubu, nikajipongeza, lakini alipopanga tu uzi wake roli zote zikabingirika mpaka mwisho wa mlangoni, akaniuliza, "Baba Mapacha, mbona rafu imelala?" nami kwa kuona haya nikamjibu, "Rafu iko sawa, nyumba ndiyo imepinda."

Mshauri, nyumba hii aliijenga baba yake mwenyewe, mwashi mstaafu, akatupa tulipooana. Mke wangu akampigia simu hapo hapo, mzee akaja, akaitazama rafu, akatazama sakafu, akanitazama mimi, kisha akamwambia binti yake, "Basi nilikosea, mwanangu, macho yalikuwa yameanza kuchoka," akaenda zake hata chai hakunywa, na sasa ni wiki tatu hajatia mguu kwetu, na mke wangu anasema baba kazi ilishamshinda siku nyingi. Naona aibu hata kula. Nifanyeje?

Baba Mapacha

JIBU

Baba Mapacha, pole, ila pole yenyewe ni ndogo. Keekee haina kosa, wala futi ya bei chee. Ulipima kutoka sakafuni, na sakafu inayooshwa kwa ndoo hushushwa makusudi kuelekea mlangoni ili maji yatoke. Mwaga kikombe cha maji uone yanakokwenda. Mkweo alifanya kazi safi, na kosa lako alilijua pale alipotupa jicho chini. Akaamua asikuumbue mbele ya binti yake. Na wewe ukakaa kimya! Una moyo gani wewe?

Rafu ni kazi ya asubuhi moja. Nunua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, mita tano hivi, ujaze maji, uhakikishe hauna hewa katikati. Inua ncha moja ukutani huku, nyingine kule. Maji yakitulia, weka alama ya penseli yalipofikia pande zote mbili, vuta kamba kati ya alama, ndipo utoboe. Sakafu iache, na dari pia. Tia vishikio vinne, siyo viwili, isije ikabonyea katikati. Matundu ya zamani ziba kwa saruji.

Sasa, mpira huo hushikwa na watu wawili, na usimwite jirani. Kwanza mwambie mkeo leo hii jinsi ulivyopima na jinsi ulivyosema uongo. Atafoka, mwache afoke, ana haki. Kisha nenda kwa mzee kwa miguu yako, simu hapana, na mkeo awepo asikie. Mwambie, "Baba, nyumba yako imenyooka, mimi ndiye sikujua kupima. Naomba uje unishikie upande wa pili."