Kipindi Nilichokianza Mimi, Sasa Kina Picha ya Kyengo

Shangazi Tausi, naomba unisaidie kabla sijafanya kitu cha kunipeleka jela. Mimi ni fundi wa nguo hapa Mwihoko, na wakati fulani nilizaa mtoto ambaye hakulia, na nyumbani wakaniambia nisilizungumze, nitapata mwingine, nikanyamaza mpaka nikaona nitapasuka, nikaanza kujirekodi kwa simu, blanketi juu ya kichwa ili kelele za majirani wa ploti zisiingie, nikisema tu vile ilivyokuwa. Kyengo, tuliyesoma naye college Thika, akasikia akasema hiyo ni podkasti kabisa, haihitaji redio wala studio, atanifungulia akaunti. Akaifungua kwa email yake. Sikuona ubaya, nilikuwa nashukuru tu.

Wanawake waliopoteza watoto kama mimi wakasikia, wakaanza kunitafuta, wa Thika, wa Ruiru, hata walioenda Saudia kufanya kazi, nikawarekodi mmoja mmoja, na pale mtu aliposhindwa kuendelea ule ukimya sikuukata. Farhiya, mwenye duka la vitambaa Thika, alikuwa hajamwambia hata mamake, na alikubali kwa sharti moja, kwamba siku akiniambia niitoe sauti yake, nitaitoa.

Sasa juzi nafungua simu naona kipindi kinaitwa "Kyengo Mtaani", picha ni yake na miwani ya jua, na kipindi kipya ni yeye na marafiki zake wakiwacheka wanawake wa siku hizi, halafu chini yake, palepale, Farhiya analia. Password amebadilisha. Nilipompigia akaniambia, "Rachael, tuseme ukweli, wewe ulikuwa sauti tu. Mwenye kipindi ni mimi. Ukitaka njoo siku moja kama mgeni." Farhiya naye akanipigia, hakunitukana, aliniuliza tu, "Huyu mwanamume anayecheka ni nani? Itoe leo." Na mimi siwezi kuitoa. Nimwombe Kyengo msamaha anirudishie, ama niachane na haya mambo kabisa?

Rachael, Mwihoko

Rachael, msamaha wa nini? Umeibiwa, halafu unataka kumpigia mwizi magoti. Acha.

Pole kwa mtoto wako. Naanza na hilo kwa sababu naona nyumbani hakuna aliyekwambia.

Sasa sikiliza, maana ulipokea kitu bila kuuliza kinafanyaje kazi, na hapo nakulaumu. Podkasti inaishi kwenye feed, yaani anwani moja mtandaoni yenye orodha ya vipindi na mahali kila sauti ilipowekwa. App za simu zinarudi hapo kila mara kuangalia kama kuna kipya. Jina na picha vikibadilishwa pale, vinabadilika kwa kila msikilizaji. Kyengo hakumshawishi mtu hata mmoja amfuate. Alishika password tu, na watu wako wakaenda naye bila kujua. Angetaka, angewaelekeza kwenye anwani mpya utakayofungua. Hatataka, na wengi hutawapata tena. Sitakudanganya.

Lakini mlango aliopitia yeye haujafungwa kwako. Hakuna mhariri wa kumbembeleza, hakuna kibali cha masafa ya redio. Fungua akaunti kwa email yako mwenyewe, na anwani ya feed yako uipeleke kwenye app zilezile. Zitaipokea kama zilivyoipokea ya kwanza.

Kabla ya hapo, Farhiya. Pakua vipindi vyote sasa hivi, Kyengo asije akafuta ushahidi. Andikia kampuni inayohifadhi sauti hizo, ambatisha rekodi za mwanzo zilizo kwenye simu yako, udai sauti za wanawake hao ziondolewe. Farhiya naye aandike, sauti ni yake. Wakiwazungusha, nendeni mkashtaki kwenye ofisi ya serikali ya ulinzi wa data. Nendeni wote wawili.

Halafu mpigie kila mwanamke uliyemrekodi. Mwambie kilichotokea bila kujipamba, na umuulize upya kama anataka sauti yake iwe kwenye kipindi kipya. Atakayekataa, usimbembeleze. Wengine watakukasirikia wewe, si Kyengo, na utalazimika kuwasikiliza mpaka wamalize.

Huyo Kyengo akipiga simu, usishike. Na password mpya usimpe mtu, hata mchungaji wako.