Maziwa Yaliyonuka Moshi

Baba Mital,

Chai iko kwenye chupa, ni ya rangi. Maziwa hakuna. Dada yako Shital, aliyetoka India kuja kutufundisha Diwali, asubuhi amenusa kibuyu cha Naisenya, Mmasai anayetuuzia maziwa, akasema maziwa yameungua, akayamwaga kwenye maua. Eti sisi wa porini tumesahau usafi. Angeuliza, ningemwambia Wamasai hukitia kibuyu moshi ili maziwa yasichache.

Naisenya ameona, akachukua kibuyu chake akaondoka. Nimemfuata bomani kwake kumwomba radhi, maana bila maziwa yake leo hakuna vitamu vya barfi. Wageni wa Korogwe wakifika, wape karanga.

Barfi za jana, alizozisifia Shital hadi akafungasha za kumpelekea mama yenu, ni za maziwa ya kibuyu hichohicho. ~~Usimwambie.~~ Mwambie, lakini akiwa anatafuna.

Mkeo, wifi wa porini