Turubai la Mbwa na Leso ya Bi Rehema

Likoni, Jumamosi, 21 Agosti 1948

Shajara yangu,

Leo nitakuambia yote, bila kuficha wala kupamba. Mwalimu alipotuagiza tuandike shajara wakati wa likizo, alisema shajara ni rafiki asiyemkata mtu maneno. Basi usinikate. Tangu juzi kichwa changu ni kama uzi uliochezewa na paka. Natafuta ncha siipati.

Asubuhi kumekuwa na manyunyu na jua kwa pamoja. Mama amekwenda kisimani. Nimekaa barazani, na mapajani mwangu iko leso ya kujitanda iliyokunjwa. Leso hii ndiyo habari yenyewe, lakini sina budi kuanza na mbwa.

Unajua kwamba Baba ni dereva wa Bwana na Memsahibu wanaokaa upande wa Shelly Beach. Memsahibu ana mbwa anayeitwa Bruno. Kwa babu, bara, mbwa ni wembamba, hulala kwenye majivu na huamshwa kwenda kuwinda. Huyu ni mkubwa kama ndama, ana blanketi lake mwenyewe, na nyama anayokula yeye kwa siku moja sisi huila Krismasi. Masikio yanamsumbua. Kila Alhamisi Baba humvusha kwa feri na kumpeleka mjini kwa daktari wa wanyama.

Shida ilikuwa viti. Motokaa ni mpya, na viti vyake ni vya ngozi laini inayong'aa. Bruno alikikwaruza kimoja kwa kucha, na Memsahibu akamwambia Baba kwamba hataki kuona mkwaruzo wa pili. Baba akatandika gunia. Kucha zikanasa katika nyuzi na manyoya yakapenya hadi chini. Akatandika mkeka, alipokanyaga breki mkeka uliteleza, Bruno akatumbukia baina ya viti, akaibuka na kumwaga mate shingoni mwa Baba. Mama alicheka hadi akakaa chini.

Mimi sikucheka sana, kwa sababu nilikuwa nafikiri.

Nilikumbuka machela waliyombebea shangazi alipougua. Machela hailazwi chini, huning'inia, na mgonjwa hata akijigeuza haanguki. Baba akapata kipande cha turubai la askari, katika vitu vilivyouzwa baada ya vita. Nikalipinda kingo kwa sindano ya magunia, nikalitia kitambaa cha amerikani upande wa chini lisiichubue ngozi, nikalifunga kamba za usumba wa nazi. Kamba za mbele zikazunguka migongo ya viti vya mbele, za nyuma zikashikwa kwenye vishikio vya kando. Turubai likawa kama susu pana, kitanda cha kuning'inia. Bruno aliingia, akajizungusha, akalala kama sultani. Ngozi haikuguswa.

Memsahibu alifurahi hata akapiga makofi. "Kadzo, wewe akili mingi sana! Sema, wewe nataka nini?"

Shajara, nilikuwa nimekwisha kulitayarisha jibu. Sikutaka viatu wala utepe wa nywele. Nilimwomba kwamba Alhamisi, Baba akimpeleka Bruno, ampeleke na Bi Rehema hospitali.

Bi Rehema ni jirani yetu, ukuta kwa ukuta. Ndiye aliyenipokea mikononi siku niliyozaliwa, kwa kuwa mkunga alichelewa upande wa pili wa maji. Yeye ni Mwislamu na sisi ni Wakristo, lakini sahani zetu hazijui tofauti. Ana donda mguuni ambalo halifungi, na kutoka hapa hadi kwenye feri hawezi tena kwenda kwa miguu. Memsahibu alikubali mara moja, tena kwa moyo mweupe. Hilo uliandike kwa herufi kubwa ndani yako, kwa sababu ndilo linalonichanganya.

Hofu yangu ilikuwa moja tu: mbwa. Najua mate yake ni najisi kwa wenzetu, chombo akikiramba huoshwa mara saba, na mojawapo kwa udongo. Nikapanga vizuri. Bi Rehema akae mbele na Baba, mimi nikae nyuma na Bruno, na turubai liwe ukuta baina yao.

Juzi Bi Rehema alitoka akiwa na udhu wake, buibui limefuliwa, donda limefungwa kitambaa cheupe. Begani ametia leso yake mpya ya Idi, iliyo bado na harufu ya duka. Alikuwa akimtania Baba.

"Baba Kadzo, leo unanichukua kama bibi harusi. Usinipigie honi mbele za watu, nitaona haya!"

"Nitapiga mpaka Mtongwe wasikie," akasema Baba.

Tukapita kumchukua Bruno. Nilipokwisha kumtuliza juu ya turubai, Memsahibu akatoka, akachungulia dirishani, akamwona Bi Rehema. Alimsalimu vizuri. Kisha akaniita kando na kusema kwa sauti ya chini, lakini si ya chini sana.

"Kadzo, hii toa nyuma. Weka mbele, mama mzee kaa juu yake. Mafuta ya nazi, tambuu, iko haribu ngozi. Bruno lala chini na blanketi."

Nilisimama. Nilidhani sikusikia sawasawa. Lakini nilikuwa nimesikia.

Turubai la mbwa.

Nililifungua kamba moja moja. Lilinuka mbwa, na manyoya yake mafupi yamejichoma kila mahali. Baba alikuwa akitazama usukani kana kwamba umeandikwa kitu. Bi Rehema, alipoona naja nalo upande wake, akauliza, "La nani hilo, mwanangu?"

Shajara, jaribu kusimama nilipokuwa nimesimama. Nikisema kweli, Bi Rehema atashuka, na donda litabaki bila dawa. Nikisema uongo, atakaa juu ya kitu kinachoweza kuharibu sala yake, naye amenibeba kabla hata Mama hajanibeba. Mwisho nikasema, "La Bruno."

Hakuruka. Hakupiga kelele.

"Limelowa?" akauliza.

"La, Bi Rehema. Kavu."

"Basi kikavu kikigusa kikavu hakuna neno. Dini si nzito kama mnavyodhani nyinyi." Nikapumua. Nikadhani yamekwisha. Kumbe hakuwa amemaliza. "Lakini mimi si mzigo wa kulindiwa kiti."

Aliteremka taratibu akishikilia mlango. Akalichukua turubai mikononi mwangu, akalikunja kama mtu anavyokunja nguo ya mgeni, akampa Memsahibu kwa mikono miwili na kusema, "Ahsante sana, Memsahibu." Kisha akaivua leso yake mpya begani, akaitandika juu ya ngozi, akainyoosha pembe hadi pembe, akaketi.

Memsahibu alitabasamu. "Mama safi sana! Mzuri, mzuri!" Akanirudishia turubai nimtandikie Bruno. Alifurahi kwelikweli, maana kiti chake kimefunikwa, na hakuona lolote lingine. Au aliona? Mimi sijui.

Njia nzima Bi Rehema hakutania tena. Kwenye feri watu walitutazama, na Bruno akanipumulia magotini. Hapo ndipo nilipotazama mbele nikaona kitu nilichokiona mwaka mzima bila kukiona. Chini ya Baba kuna gunia, limekunjwa vizuri, limechukua umbo la mwili wake. Siku zote nilidhani amelitia kwa ajili ya joto.

Hospitali walimsafisha donda na kumfunga upya. Daktari alisema arudi kila Alhamisi mpaka lifunge, asikose hata moja, kwani likiingia mfupani hakuna tena la kufanya ila kukata. Memsahibu, tuliporudi, akasema bila kuombwa kwamba gari litamchukua kila Alhamisi, maana Bruno naye huenda. Huoni ni mwema? Basi kwa nini moyo wangu haumshukuru wote, unamshukuru nusu?

Mlangoni kwake Bi Rehema alinipa leso.

"Ifue," akasema. "Kisha nishonee kama ulivyomshonea yule. Tia kamba, isiteleze. Alhamisi nataka kukaa juu ya changu."

"Bi Rehema, umenikasirikia?"

"Nikukasirikie wewe? Nilikupokea uko mtupu kama kifaranga, sikukasirika. Leo una sketi na sindano ndiyo nikasirike?" Akaingia ndani.

Leso nimeifua jana. Imekauka. Kamba za usumba zimebaki za kutosha.

Lakini jana baada ya kula Mama aliona nimetoa sindano, akaninyang'anya. "Hushoni," akasema. "Ukiishona umekubali. Mke wa Bwana mwingine akipanda gari lile atatandikiwa nini? Leso ya Idi ni ya kuvaliwa, si ya kumfutia mtu kiti kabla hajakichafua."

Baba alikuwa bado akila, polepole. Nikamwuliza habari ya gunia lake. Nilimwuliza kwa adabu, kama tulivyofundishwa, lakini hata hivyo mkono wake ulisimama juu ya sahani.

"Hilo nilipewa siku ya kwanza, pamoja na funguo," akasema. Akamgeukia Mama. "Mama Kadzo, kiti ni cha wenyewe. Mguu ni wa Bi Rehema. Hebu niambie, katika hivyo viwili kipi kitaoza kwanza?"

Mama akakusanya vyombo. Baadaye nilikuta sindano imerudishwa juu ya leso, imechomekwa pembeni, na uzi umekwisha kutungwa. Sijui kama ni ruhusa au ni mtihani.

Nimejaribu kulifikiri kama hesabu. Turubai nililishona kulinda kiti kutokana na mbwa. Bi Rehema anataka leso ishonwe imlinde yeye kutokana na turubai. Memsahibu ataiona leso atafurahi, kwa sababu italinda kiti kutokana na Bi Rehema. Kitambaa ni kimoja, na kila mtu atakiona cha kwake. Mimi mwenye sindano ndiye nisiyeona.

Nilifikiri pia nimwambie Memsahibu. Nilitunga maneno kabisa, ya heshima, hata nikayasema mbele ya mtungi wa maji. Lakini maneno yale yakimwudhi, gari halitakuja, na Baba atarudishiwa gunia lake aende nalo nyumbani. Na yasipomwudhi? Hapo ndipo tumaini langu linapojificha, dogo kama kiroboto wa Bruno, wala halitaki kutoka. Labda hajui. Labda hajawahi kuambiwa. Mtu aliyekubali ombi langu mara moja vile, huenda akaona haya akijua.

Sasa Mama anarudi, nausikia mtungi ukigonga mlango. Kutoka kwa Bi Rehema nasikia anajiimbia akipepeta mchele, kana kwamba hakuna kitu. Nimeinyoosha leso juu ya mapaja, pembe hadi pembe, kama alivyoinyoosha yeye. Bado inanukia kidogo ile harufu ya duka, hata baada ya sabuni.

Najua huna mkono wala bahasha, lakini nijibu kwa posta ya kurudi, kabla ya Alhamisi: nikiipiga leso hii sindano ya kwanza, nitakuwa ninaulinda mguu wa Bi Rehema, au nitakuwa nimekilinda kiti kwa mara ya pili?