Ngumi ya Kulia

Jumapili, 17 Oktoba 1954
Naandika kwa mkono wa kushoto. Jana hapa Regina, robo ya kwanza ya mechi ya futiboli ya Kikanada, ile ya kubeba mpira mikononi na kuangushana, jamaa wa upande wa pili alinikanyaga ngumi ya kulia. Nilisikia mfupa. Sikusema kitu. Kocha Haggerty akijua, nafasi yangu mstari wa mbele anapewa mwingine, na kazi ya machinjioni niliyotafutiwa na klabu inakwenda nayo. Halafu nini? Nirudi kwetu Glace Bay, chini ya ardhi, kwenye makaa. Miaka tisa nimelikwepa lile shimo.

Ajabu — sijawahi kucheza vizuri vile. Kabla mpira haujaanza, sisi wa mstari wa mbele tunainama na kuweka ngumi chini. Ukitaka kusukuma mbele, unaiegemea mpaka vifundo vya vidole vinakuwa vyeupe. Ukitaka kurudi nyuma kumlinda mwenzako anayerusha mpira, unaigusisha tu. Jana sikuweza kuiegemea hata mara moja. Jamaa, aliyekuwa akivisoma vifundo vyangu, akadhani narudi nyuma kila mara. Nilimwangusha mchana kutwa.

Jumanne, 19 Oktoba
Nimebeba mapaja ya ng'ombe kwa bega la kushoto. Petryk, ninayefanya naye kazi na kucheza naye ubavu kwa ubavu, kaona.
"Murdo, huo mkono umeumuka kama mkate."
Nikamwambia afunge mdomo.
"Mimi nafunga. Mkono ndio utasema."

Alhamisi, 21 Oktoba
Mazoezi. Barafu nyembamba uwanjani. Kocha kaniita mbele ya wote. Nikajua yamekwisha. Kumbe ananisifu! Eti nimebuni ujanja wa kuficha ninakoelekea.
"Kila mtu aweke ngumi kama huyu mzee."
Mzee, na nina thelathini na mbili. Wanaume kumi wakainama, wanaiga mkono uliovunjika. Petryk alicheka mpaka akakohoa.

Jumamosi, 23 Oktoba
Chumba cha kubadilishia nguo. Imebaki robo saa. Petryk kanifunga bandeji vizuri, haionekani sana. Lakini wote wawili tulisahau jambo moja. Kabla ya kila mechi Kocha hupita benchi nzima akimpa kila mtu mkono, na huubana kwelikweli. Husema ndivyo anavyomjua mwoga.

Ameanzia mwisho wa kule.

"Mpe wa kushoto," Petryk ananong'ona. "Mwambie ndio ujanja wa leo."

Kocha yuko kwa mtu wa nne, wanacheka. Mimi ni wa saba. Naweka penseli chini, mkono wa kushoto uwe mtupu.