Bibi na neno kigego

Doris, nimetoka kwa daktari wa meno hapa Same.

Eksirei imeonyesha mwanangu Blessing ana jino la ziada ndani ya ufizi wa juu, linazuia jino lake la mbele kuota. Litatolewa Jumatatu.

Bibi, tuliyeshuka naye kutoka Chome, akauliza polepole, "Daktari, huyu ni kigego?"

Nikamwakia mbele ya wagonjwa. Kigego ni mtoto aliyeanza kuota meno ya juu, zamani walimtupa, hili ni jino la ziada tu!

"Maana yake naijua, mjukuu wangu. Wewe ulianza na ya juu. Nilikuficha ndani miezi miwili, mpaka ya chini yakaota."

Miezi miwili, Doris.

Jumatatu Bibi atamshika Blessing mkono. Nimeomba na mimi nishikwe.