Tempoko Nikiema: Mwaka Mmoja Upande wa Malori

Dada Tempoko, Jumanne hii mwaka unatimia tangu lori likuchukue kwetu, saa tisa mchana, jua linawaka, watu wanaona. Mama alitaka tangazo hili la kumbukumbu liandikwe na mtu aliyesoma. Baba mdogo Noufou akasema aandike aliyekuwa na wewe pale. Basi ni mimi, Lassané. Shule niliacha darasa la tano, unajua mwenyewe, kwa hiyo usitegemee maneno makubwa.

Tunaikumbuka mikono yako, myeusi kwa grisi hata siku ya sikukuu. Ulikuwa unaziba pancha huku unakula kunde, mkono wa kulia kwenye sahani, wa kushoto kwenye tairi, na hukuwahi kuichanganya. Asiye na kitu ulimtengenezea baiskeli yake, halafu ukamfukuza kabla hajaanza kushukuru.

Uliwafundisha wamama wa soko kuendesha, hata wenye miaka sitini. Unakimbia nyuma umeshika siti, unawatukana kwa mapenzi. Muuza ndimu akianguka unamwambia, "Amka mama, ardhi bado haikutaki."

Na mimi ukaniundia baiskeli ya mikono. Miguu yangu iligoma tangu nina miaka miwili. Ukachukua fremu mbili mbovu, ukafunga magurudumu matatu, pedeli ukazileta kifuani, ukasema sasa sina kisingizio cha kukaa nyumbani. Kweli, sikukaa.

Miaka mitatu uliisumbua ofisi ya barabara kwa ajili ya ile njia ya baiskeli ya mtaa wetu wa Tampouy. Magari yanaegesha humo, pikipiki zinapita humo kama zimeibiwa. Kila aliyegongwa uliandika jina lake kwa chaki pale pale alipoangukia. Mwisho wakachoka na wewe. Wakakubali kuweka nguzo za zege kila mwisho wa njia, mbili mbili, ili baiskeli tu ipite katikati. Wakauliza nafasi iwe kiasi gani.

Hapa nasema ukweli, maana wengine hawausemi. Ulipima usukani wa baiskeli yako, ukaongeza vidole viwili, ukasema hakuna pikipiki itakayopita hapo. Kijiti cha kipimo nilikikata mimi. Nimekaa kwenye baiskeli yangu pana kama kitanda, kijiti mkononi, nacheka jinsi wenye pikipiki watakavyolia. Tulikuwa watu kumi na mmoja pale. Hakuna aliyeniangalia. Hata mimi sikujiangalia.

Zege likakauka. Pikipiki hazikupita. Na mimi sikupita.

Ukarudi ofisini kuomba kila upande ing'olewe nguzo moja. Injinia Zerbo wa pale ofisini ni Msamo, sisi ni Wamosi, watani tangu enzi za mababu, na mtani hakasirikiwi. Kila ukifika na karatasi yako anawaita wenzake waje wamwone Mmosi aliyejifungia mlango mwenyewe. Anauliza kama sasa umekuja kuzila zile nguzo. Wanacheka, na wewe unacheka, karatasi inarudi mfukoni. Mara tisa. Ungefanyaje? Ukimkasirikia mtani, mkosaji ni wewe.

Basi ukaamua kwamba kama mimi siingii, na wewe huingii. Miezi minne uliendesha nje, kushoto kwangu, upande wa malori. Njia salama iko hatua mbili tu, wanafunzi wako wanapita ndani wanatupigia kengele. Siku ile nilikuambia ingia ndani, mimi nitafika. Ukasema, "Nyamaza, sukuma pedeli." Ndiyo maneno yako ya mwisho. Watu huwa wananiuliza, sasa wanajua.

Kwenye mazishi Zerbo alikuja na Wasamo wenzake. Akavaa kofia yako, akajifunga kitenge chako, akazunguka uani na baiskeli yako, anatutukana kwa sauti yako na kudai kuku. Alikuiga sawasawa. Mama akacheka, mara ya kwanza tangu siku ile. Mimi nilitaka nimvunje. Baba mdogo akanishika bega, akasema, "Mwache. Hao ndivyo wanavyolia."

Baada ya hapo sikutoka nyumbani. Kupita nje siwezi, lori nalisikia kabla halijafika. Kupita ndani siwezi. Miezi kumi nimekaa uani naangalia ukuta, na Mama amekaa ananiangalia mimi. Baiskeli uliyoniundia kuku wakaanza kutagia.

Mwezi uliopita nikasema hapana. Kama yeye anajificha kwenye utani, na mimi nitamfuata humo humo. Nikaenda ofisini kwake, nikaegesha baiskeli mlangoni, pembeni nikaacha upenyo sawa na kijiti kile, vidole vyako viwili vikiwemo. Zerbo ana tumbo, unalijua. Nikamwambia kitani, "Mtumwa wangu, saa ya chakula imefika. Pita."

Ofisi nzima ilicheka. Na yeye akacheka, akajaribu, akakwama, akacheka tena. Halafu akaacha.

"Alikuja mara ngapi?" akauliza.

"Tisa."

"Na zote nilicheka?"

"Zote."

Wiki iliyofuata nguzo moja ya upande wetu iling'olewa. Upande wa pili uko kwa mkandarasi mwingine, wanasema kunahitajika sahihi. Jumamosi nikaingia, dada. Mara yangu ya kwanza. Wamama wanapiga kengele mbele na nyuma, malori yako kule, mimi niko huku. Nikafika mwisho, nguzo hizo hapo, mbili. Njia ni nyembamba, baiskeli yangu haigeuki. Wamama wakataka kuninyanyua, nikakataa. Foleni ikajaa nyuma yangu. Baada ya saa nzima wakanivuta kinyumenyume njia yote hadi upande wetu, kama mkokoteni ulioharibika.

Kwa hiyo dua ya mwaka haitasomwa nyumbani. Itasomwa Jumanne, saa tisa mchana, kwenye nguzo mbili za mwisho. Mimi nitakuwa ndani. Njooni na baiskeli, njooni na magongo, anayetembea kwa mikono aje pia. Injinia Zerbo, mtani wetu, na wewe umealikwa. Sahihi ikipatikana lete karatasi, isipopatikana lete nyundo. Safari hii sirudi kinyumenyume.

Tunaokukumbuka: mama yako Kuilga, baba mdogo Noufou, binti yako Rihanata aliyeishusha siti ya baiskeli yako hadi chini kabisa, wamama wote wa soko, na mimi mdogo wako Lassané.

Hatutakusahau, dada, siku zote tutakazoishi.